Uzito wa Vichwa Vidogo

Jumamosi, Machi 9

Mvua imeanza mchana, kabla hatujaondoa vyombo mezani. Banda la nyuma limevuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ya kazi ya kaka, naye amehamia chumba cha kulia na reli zake, rangi zake, tupa zake na jiko lake dogo la gesi. Sikupinga. Nyumba ni yake, na chumba hicho tunakitumia wageni wakija, na wageni hawaji.

Asiyemjua angedhani kaleta midoli. Kaka alikuwa dereva wa shanti. Maisha yake yote ya kazi aliendesha vile vichwa vifupi vya treni visivyosafiri kwenda popote, vinavyobaki stesheni kusukuma na kuvuta mabehewa mpaka yapangike. Madereva wa safari ndefu walimcheka. "Wewe umetembea sana," walimwambia, "kutoka chooni hadi getini." Tangu astaafu anakusanya vichwa vya shanti vya mfano, ukubwa wa kiganja, vinavyotembea kwa umeme, na hakuna hata kimoja anachokiacha kama alivyokipata. Anakata kibanda cha dereva, anabandika bomba jingine la moshi, anatengeneza vishikio kwa nyuzi za gitaa, anapaka rangi ya yadi yake ya zamani, kisha anaizeesha rangi hiyo kwa masizi na unga wa kutu mpaka kichwa kionekane kimechoka kazini. Kila kimoja ni kichwa alichokiendesha kweli. Kobe, kwa sababu ya mwendo. Mama Mkwe, kwa sababu kilinung'unika hata kikizimwa. Bwana Harusi, kwa sababu kilipakwa rangi upya wiki ile kaka alipooa.

Tunaoishi humu: kaka, mjane, mimi mdogo wake, binti yake, na mtoto wa binti yake, msichana ambaye hajafikisha miaka miwili. Tunamwita Bosi, kwa kuwa maneno yake ya kwanza yote yalikuwa amri. Leta. Toka. Babu, kaa. Kaka, aliyegombana na kila mkuu wa stesheni aliyewahi kumpata, anakaa.

Machi 10

Mvua.

Machi 14

Nimeshinda chini ya mwavuli kwenye daraja la sokoni, mto ukipita juu ya barabara, nikiwauliza watu maswali ambayo majibu yake tulikuwa tunayaona wote. Mhariri anataka habari ya mafuriko kila siku mpaka yaishe.

Nimerudi nikakuta chumba cha kulia kina joto la tanuri. Madirisha yamefungwa, mvua inapiga upande huo. Kaka alikuwa anayeyusha risasi, yale madini laini ya kijivu ambayo mafundi wa matairi hubandika kwenye magurudumu ili yasitikisike. Fundi wa matairi wa pale kona humletea vipande vya zamani kwenye kopo la maziwa, na leo alikuwepo mwenyewe, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo dada," alisema. Ni mdogo kwa umri, mkubwa kwa mwili. "Mzee wa Reli anafungua kiwanda. Mwandike gazetini."

"Nitaandika kikilipuka."

"Hamna mnachojua nyie," kaka alisema. "Hivi vitu wanauza sura, hawauzi uzito. Kichwa chepesi ni kelele tu. Tazameni."

Alimweka Kobe kwenye reli, tumbo tupu, mabehewa nyuma. Akawasha umeme. Magurudumu yakazunguka pale pale na treni haikusogea. Akazima, akamtia tumboni kipande cha risasi alichokimwaga kwenye kalibu ya plasta na kukipiga tupa, akawasha tena. Kobe akaondoka na mzigo wote, polepole, kama anayejua mshahara haubadiliki akikimbia.

Bosi alipiga makofi chini ya meza. Huko ndiko iliko stesheni yake. Kaka amempa Bwana Harusi kabisa, mota yake ilikufa, naye amekijaza risasi ili kisipinduke mtoto akikisukuma.

Kaka alichukua kipande kingine, akakiuma, akakiangalia. "Hii safi. Risasi safi inakubali jino. Ikikataa, ujue wamechanganya na takataka." Akapangusa meza kwa kiganja, vumbi likaanguka chini, akaendelea.

Machi 19

Kaka anasema chai ina ladha ya kijiko. Nimeonja. Ni chai.

Machi 20

Leo wali una ladha ya kijiko. Binti yake amemwambia, "Baba, kula kwa mkono basi." Hakucheka. Kwa kawaida angecheka.

Machi 24

Tumbo linambana tangu juzi. Anajikunja kwenye kiti na kuniambia nisimwangalie. Nimempeleka zahanati nikimvuta kwenye matope. Daktari alikuwa na foleni mpaka nje. Aliuliza umri, aliuliza anakula nini, aliuliza anafanya kazi gani.

"Amestaafu," nilijibu.

Vidonda vya tumbo. Amepewa vidonge.

Machi 29

Mvua, na madirisha hayajafunguliwa wiki nzima. Nguo zinakaukia ukumbini na kunuka.

Aprili 2

Asubuhi kaka alitoka kwenda kwa fundi wa matairi, pale kona. Alirudi adhuhuri, amelowa mpaka mifupa, kaletwa na muuza mkaa aliyemkuta amesimama karibu na shule. Hakuwa amepotea, alisema. Alikuwa anafikiri.

"Unafikiri nini kaka, mvuani?"

"Nafikiri duka limehamia wapi."

Duka halijahama. Lipo hapo tangu tukiwa na meno ya utotoni.

Niandike jambo ambalo sisi wawili hatulitaji. Baba yetu alianza hivi hivi. Kwanza chakula kikabadilika ladha, kisha hasira, kisha njia zikahama. Mwishoni alikuwa akituita "nyie watu". Kaka ndiye aliyekuwa akimwogesha. Siku tuliyomzika aliniambia, "Nikianza, usinidanganye." Nikamwahidi. Leo nimemwambia duka limefungwa kwa ajili ya mvua.

Aprili 3

Nimejijaribu mwenyewe. Majina ya wahariri wote niliowahi kufanya nao kazi, kwa mfuatano. Mmoja simkumbuki. Nimekaa na hofu hiyo mpaka nilipokumbuka kwamba hata wakati ule sikumjali.

Aprili 7

Brashi imemwanguka. Nilikuwa mlangoni. Alikuwa anapaka mstari wa manjano ubavuni mwa Mama Mkwe, kazi ambayo mkono wake huifanya bila kupumua, na kiganja kikalegea kama ua lililokosa maji. Aliokota brashi. Ikaanguka tena. Akamchukua Mama Mkwe akamtupa ukutani.

Katika maisha yangu sijamwona kaka akitupa kitu. Bosi, chini ya meza, alianza kulia, na kaka akamfokea kwa sauti ambayo sikuijua: "Nyamaza, mtoto! Nyamaza!"

Akanyamaza. Hilo ndilo lililonitisha. Bosi hanyamazi akiambiwa.

Baadaye kaka aliokota vipande kimoja kimoja kwa vidole visivyoshika vizuri. Alisema nyuzi za gitaa siku hizi ni mbovu.

Aprili 8

Binti yake amenifuata jikoni akafunga mlango.

"Shangazi, mimi namwogopa Baba."

"Ni mgonjwa."

"Najua ni mgonjwa. Wagonjwa nao wanafanya vitu." Alikuwa anakata vitunguu na hakuwa anavitazama. "Je, jana kama usingekuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Kesho unarudi darajani na mimi narudi kazini. Nani atakuwepo?"

Tumekubaliana kuwa mmoja wetu atakuwa nyumbani siku zote. Hatukukubaliana kumwambia kaka, lakini anajua. Alipotuona tunapokezana mlangoni alisema, "Zamu imebadilika? Mkabidhiane na funguo."

Aprili 11

Ameacha gesi wazi bila moto. Niliisikia harufu nikiwa ukumbini. Nimefungua dirisha, mvua ikaingia, kaka akanilaumu kwa kulowesha reli.

Sasa anauma risasi bila hata kuangalia, kama wengine wanavyouma kucha. Anasema kazi ndiyo inamtuliza, nami nimeona ni afadhali awe na kazi.

Aprili 14

Bosi anatapika.

Aprili 15

Bado anatapika, na choo hakitoki. Nusu ya mtaa wanaumwa matumbo. Visima vimeingiliwa na maji machafu. Nimeiandika mwenyewe jana, ukurasa wa tatu. Tunachemsha maji mara mbili.

Aprili 18

Mtoto anatembea kama mlevi. Anashika ukuta, anaukosa, anakaa. Nimemwambia, "Bosi, niambie nilete nini." Ananitazama. Tangu juzi hajatoa amri hata moja. Mama yake anasema ni uchovu wa kutapika. Nimesema ndiyo. Wote wawili tulikuwa tunamtazama mdomo.

Anachotaka ni kulala chini ya meza ya babu yake na Bwana Harusi kifuani.

Aprili 20

Naandika hospitali, kwenye benchi la ukumbini. Naandika kwa mpangilio kwa sababu nikiacha mpangilio sitaandika kabisa.

Alasiri. Binti wa kaka alikuwa anaanika nguo ukumbini. Mimi nilikuwa jikoni naandika. Kaka na mtoto walikuwa chumba cha kulia, mlango wazi, tukiwasikia. Nilisikia kitu kikianguka, kizito, halafu kimya. Halafu sauti ya kaka: "Njooni." Hakupiga kelele. Alisema tu, "Njooni."

Mtoto alikuwa sakafuni, mgongo umekakamaa kama upinde, macho yamegeukia juu, miguu ikipiga sakafu. Povu mdomoni. Kaka amepiga magoti mbele yake, mikono imenyooka, viganja vikining'inia. Alikuwa anajaribu kumwinua na viganja havikumtii. Aliingiza mikono chini ya mtoto, akainua, mtoto akateleza. Akaingiza tena.

Binti yake alimsukuma kando.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Sijui."

"Baba! Umemfanya nini?"

Kaka alimwangalia, akaangalia meza, akaangalia mikono yake. Ningetoa chochote aseme "sijamgusa". Alisema, "Sikumbuki."

Nilimchukua mtoto. Fundi wa matairi alileta pikapu yake mlangoni kabla sijamaliza kumwita. Barabara ya chini ilikuwa imejaa maji. "Shikilieni," alisema, akapita, maji yaliingia mpaka kwenye viatu, injini ikakohoa, naye akawa anaibembeleza: "Twende mama, twende, usinivue nguo mbele za watu." Mtoto alikakamaa mara ya pili mapajani mwangu. Kaka alikuwa nyuma, kwenye wazi, mvuani. Hakuna aliyemwambia apande wala ashuke.

Sindano ya pili ndiyo iliyomlegeza. Daktari ni mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimpapasa mtoto kichwa, mbavu, mikono. Aliuliza kama ameanguka. Aliuliza kama kuna mtu amemtikisa au kumpiga. Aliuliza bila kumtazama yeyote, kama inavyopaswa kuulizwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuuliza hivyo. Mama wa mtoto alimtazama baba yake mlangoni.

"Sioni jeraha," daktari alisema. "Lakini kichwa chake kina shinikizo, na damu imepungua sana. Si ya kutapika tu hii. Nahitaji kujua nyumbani kuna nini."

Kaka amekaa mwisho wa benchi hili. Nguo hazijakauka. Amesema jambo moja tu tangu tufike.

"Mdogo wangu. Ukigundua ni mimi, usinifiche. Wala usiandike kwa upole."

Aprili 21

Mtoto amelala. Hajakakamaa tena tangu asubuhi. Hajaamka pia.

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Niliyoijia ni nyingine: nilikwenda kutafuta ushahidi dhidi ya kaka yangu.

Nimeingia nyumba nyingi baada ya maafa. Kazi ni kusimama mlangoni kwanza, usiguse, uangalie. Niliangalia. Meza. Jiko. Sufuria yenye ganda la kijivu. Reli, vichwa vimepangwa, Mama Mkwe kaunganishwa upya kwa gundi, na mstari wa manjano umepinda. Kiti kimepinduka, ndicho kilichoanguka, kaka alipopiga magoti. Hakuna damu. Kona za meza hazina kitu. Nilitafuta unywele. Nilikuwa natafuta unywele wa mtoto kwenye kona ya meza, na nilikuwa nimetulia kabisa, na utulivu huo sitausahau.

Kisha nikakaa chini ya meza, mahali anapokaa yeye.

Kutoka huko chumba ni kingine. Mwanga unaingia kwa ubavu, na sakafu ninayoifagia kila siku haikuwa safi. Lilikuwepo vumbi laini, la kijivu, linang'aa kidogo. Viganja vidogo vilikuwa vimepigwa humo kila mahali, na magoti, na mburuzo wa magurudumu. Niliweka kidole. Kilitoka na rangi ya penseli.

Bwana Harusi alikuwa amelala ubavu. Nilimgeuza. Tumbo lake halina kifuniko, risasi imejazwa mpaka ukingoni na haikupakwa rangi, kwa kuwa nani aangalie chini ya kichwa cha treni. Ilikuwa na mashimo. Mistari mifupi miwili miwili, iliyopandana, mingi, ukingo mzima. Mahali pengine risasi ilikuwa imeliwa kabisa ikaacha bonde. Nilifikiri ni panya. Halafu nikayatambua. Hayo meno niliyaona yakitoka, moja baada ya jingine.

Nilisimama nikaangalia mezani. Vipande ambavyo havijapigwa tupa vilikuwa vimerundikwa upande wa kulia. Kila kimoja kina alama kwenye ncha, kubwa, na katikati ya kila alama pana nafasi isiyoumwa. Ni pengo la kaka. Jino hilo liling'olewa na kishikio cha mlango wa Kobe, yule wa kweli.

Risasi safi inakubali jino.

Nilifunga Bwana Harusi kwenye mfuko wa nailoni. Nilinawa mikono mara tatu. Nikatembea mpaka hospitali, kwa sababu nilifikiri nikitembea nitapata namna ya kulisema. Sikuipata.

Daktari alikuwa kwenye faili. "Mzee wenu," aliniuliza kabla sijaketi, "anafanya kazi gani?"

"Ames—" nilisema, nikasita. Nikaweka mfuko mezani. "Kazi yake ni hii."

Aligeuza kichwa kile kwenye mwanga bila kukitoa mfukoni. Alikaa nacho muda mrefu. Alipokiweka chini alikuwa ameshasimama.

Aprili 22

Picha ya tumbo la mtoto imetoka. Daktari aliibandika kwenye taa akanionyesha: ndani ya utumbo, punje nyeupe, kama chumvi iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. Risasi. Iko tumboni, iko kwenye damu, na iko kichwani. Damu imepelekwa maabara kubwa, lakini hangoji. Dawa imeanza leo, sindano, siku nyingi.

Kisha akamwita kaka.

"Mzee, fungua mdomo." Kwenye ufizi, juu kidogo ya meno, pana mstari mweusi mwembamba kama wa kalamu. "Nyoosha mikono mbele. Sasa inua viganja."

Kaka alinyoosha. Viganja havikuinuka.

"Unachanganyikiwa njia? Hasira? Chakula kina ladha ya chuma?"

"Ya kijiko," kaka alisema.

Daktari alimweleza. Alieleza vizuri, kwa maneno mafupi: moshi, vumbi, meno, madirisha yaliyofungwa. Kwamba mtu mzima huichukua polepole na mtoto huichukua haraka. Kwamba yeye naye atatibiwa, na kwamba akili yake, kwa kiasi kikubwa, itarudi.

Kaka alinigeukia. Uso wake ulifunguka, nilimwona kijana.

"Kwa hiyo si ugonjwa wa baba?"

"Si ugonjwa wa baba."

Alicheka. Alicheka kweli, akapiga paja kwa mkono uliolegea. Halafu kicheko kikaisha taratibu, na nilimwona akifika mwisho wa hesabu.

"Kwa hiyo," alisema, "ni mimi."

Aliniambia nisimdanganye.

"Ni wewe, kaka," nilisema.

Aprili 24

Mtoto amefungua macho. Hamfuati mtu kwa macho. Mama yake anamwimbia na anaangalia kama kope zitacheza.

Aprili 27

Amemfuata mama yake kwa macho mpaka mlangoni. Binti alirudi, akatoka, akarudi, akatoka, kama mtu aliyesahau alichofuata.

Kaka yuko wodi ya wanaume, chini. Kila asubuhi anamtuma mhudumu aulize. Binti yake anajibu, "Mwambie yupo." Neno hilo tu.

Mei 3

Wote tumepimwa damu. Mimi nina risasi, binti anayo, si kiasi cha kutibiwa. Fundi wa matairi anayo zaidi kuliko sisi, amesema hashangai, amekula chakula cha mchana juu ya ile kazi tangu akiwa mwembamba. Amenunua sabuni. Ananionyesha kila ninapopita: "Dada, ona mikono! Kama ya karani!" Halafu anauliza habari za Bosi, na utani unamtoka usoni.

Mei 6

Bwana afya alikuja na barakoa na pipa lenye kifuniko. Kufagia ni marufuku, vumbi huruka. Tumefuta kwa matambara mabichi, kuta, sakafu, miguu ya meza, mara nyingi, na kila tambara limeingia pipani. Sufuria pia. Kalibu pia.

Binti alisimama mlangoni. "Na hivyo vyote vitoke."

"Vichwa?"

"Vyote, Shangazi."

Bwana afya alisema plastiki haina shida, kilichomo tumboni ndicho kitoke. Binti alisema hakumuuliza.

Nimeviingiza kwenye sanduku nikalipeleka bandani. Kabla ya hapo nilivaa glavu, nikafungua kila kimoja kwa bisibisi, nikatoa uzito, nikakiosha kwa sabuni. Vingine vilikuwa na vipande vilivyochongwa kufuata umbo la mota, kona kwa kona, kazi ya subira ambayo hakuna mtu angeiona kamwe. Nimevitupa. Nilishika Kobe mtupu na mkono wangu ukapanda peke yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kizito.

Mei 12

Mvua imepungua. Asubuhi ilikuwa ukungu tu.

Mei 17

Bosi anakaa bila kuegemea. Anakamata kijiko. Hasemi. Nilimuuliza daktari, kwa namna ninayowauliza wakubwa wanaokwepa: "Atarudi alivyokuwa?"

Hakukwepa. "Atatembea. Mengine tutayajua akianza shule. Hakuna kipimo cha kukuambia leo."

Mpaka shule. Tutamtazama hivi mpaka shule.

Mei 25

Kaka amerudi nyumbani, mikono imefungwa vibao ili viganja visianguke. Njia anazijua. Alipita kwa fundi wa matairi peke yake, akarudi. Ameuliza sanduku liko wapi, nikamwambia. Hakwenda bandani.

Binti anamwekea chakula mbele na kuondoka.

Juni 1

Bosi yupo nyumbani. Ametembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, miguu ikitengana kama ya baharia. Ana maneno mawili: maji, na sitaki. Kaka hukaa mwisho wa ukumbi, mbali, mikono ikiwa mapajani. Mtoto akimkaribia, anainuka anakwenda uani.

"Humwogopi tena?" nilimuuliza binti, nikimaanisha baba yake.

"Yeye ndiye anayeogopa," alisema.

Juni 8

Jua, la kwanza la maana. Tulifungua madirisha yote. Nilikuwa kibarazani namalizia habari ya mwisho ya mafuriko, kaka kwenye kiti chake, mtoto sakafuni kwenye mkeka.

Binti alitoka bandani na kipande cha reli kwapani na Kobe mkononi. Alipiga magoti, akaunganisha nyaya kama alivyoona zikiunganishwa tangu yeye mwenyewe akiwa chini ya meza, akamweka Kobe juu ya reli.

"Hakitakwenda," kaka alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea naye bila kuulizwa. "Hakina uzito."

"Najua, Baba."

Akawasha. Magurudumu yakazunguka, vuuu, na Kobe akabaki pale pale, akitetemeka, mwenye haraka na asiyekwenda popote. Bosi aliangalia. Halafu akacheka, kutoka tumboni, kicheko cha zamani. Akanyoosha mkono akamsukuma Kobe kwa kidole. Kobe akasogea kidogo, akakwama. Akamsukuma tena.

Nilikisindikiza kidole kile kwa macho. Kilimwacha Kobe. Kilipanda. Kikaingia mdomoni.

Kichwa kile nimekiosha mwenyewe. Hakina chembe ya kitu. Hata hivyo tulisimama wote watatu kwa pamoja, kiti cha kaka kikaanguka nyuma yake, karatasi zangu zikamwagika.

Mtoto alitutazama kwa zamu, mama yake, mimi, babu yake aliyesimama na mikono yake ya vibao mbele kama mtu anayesimamisha treni. Akatoa kidole mdomoni. Alikunja uso, akakitafuta kitu, akakipata.

"Kaa," alisema.

Tukakaa.